Tumtafutie mzee mazoezi kabla ya kitanda

Mzee akipatwa na kiharusi katika mitaa ya Kolwezi kama Musonoi au Luilu, au akianguka na kuvunjika nyonga, familia hukutana mara mbili. Mara ya kwanza ni kuchangishana fedha za hospitali. Mara ya pili ni siku anaporuhusiwa kutoka, na hapo maneno huwa magumu zaidi: nani atakaa naye? Mmoja hutaja nyumba ya wazee ya masista, mwingine hutaka arudishwe kijijini, na mara nyingi mzigo humwangukia binti ambaye bado hajaolewa. Naona tunaanza na swali lisilo lenyewe. Kabla ya kuuliza mzee atalala wapi, tuulize nani atamfundisha kusimama tena, maana jibu la hilo ndilo litakaloamua kama atabaki mtu wa kuhudumiwa hadi kifo.

Mwili wa mzee haungoji. Siku chache tu za kulala bila kujongea hupunguza nguvu za misuli. Ngozi ya kiuno na visigino huchubuka ikawa vidonda, na mapafu hushambuliwa na nimonia. Kwa aliyepata kiharusi, sehemu kubwa ya nguvu zinazorudi hurudi katika miezi mitatu ya mwanzo, na ndiyo miezi ambayo sisi huitumia kubishana juu ya kitanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali ya kiafya ambayo ingenufaika na huduma za kurejesha uwezo wa mwili, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Kwa hiyo nyumba yenye shuka safi na uji wa moto, lakini isiyomwinua mzee hata mara moja kwa siku, inaweza kumpenda na bado ikamlemaza.

Hapa Kolwezi pengo hili lina historia. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 Gécamines, ilimtunza mfanyakazi na jamaa yake: hospitali, shule, nyumba, posho ya unga. Kampuni ilipodhoofika, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitolewa katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2003, na pamoja na kazi wakapoteza matibabu ya kampuni. Watu hao ndio wazee wetu leo. Migongo na magoti waliyoyachosha shimoni na viwandani yamebaki mikononi mwa watoto wao.

Najua watakaosema kwamba mila haituruhusu kumtoa mzazi nyumbani. Ni pingamizi la heshima, na nyumba za wazee tunazozisikia, kama Sebleni na Welezo za Zanzibar, au Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, Nairobi, ni kimbilio hasa la wasio na wa kuwatunza. Lakini ukumbi wa mazoezi ninaoupendekeza humpokea mzee asubuhi na kumrudisha kwake mchana. Haumnyang'anyi mtu mzazi wake. Tena mapenzi peke yake hayatoshi: mtoto mwenye huruma akimwinua baba kwa kuuvuta mkono uliopooza, anaweza kumuumiza bega. Mtaalamu wa viungo angemwonyesha namna sahihi kwa muda mfupi.

Pingamizi la pili ni fedha, nalo katika mkoa wetu wa Lualaba ndilo dhaifu zaidi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa maeneo ya utawala ambamo madini yanachimbwa, mbali na asilimia 25 ya mkoa. Ukumbi wenyewe ni vyuma viwili vya kushikilia, mikeka, mikongojo na magongo ya kutembelea. Kilicho ghali ni mshahara wa mtaalamu, unaotakiwa kulipwa kila mwezi bila kukatika; huo ndio wa kupigania. Anayeishi Nzilo hawezi kulipa nauli ya mjini mara tatu kwa juma, hivyo mtaalamu ndiye amfuate, kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Wapo pia wanaotaka vijana watangulizwe. Yule binti anayebaki nyumbani kumgeuza mama kila baada ya saa mbili ni kijana vilevile.

Basi ukilazimika kumtafutia mzazi mahali, usitosheke na kuta zilizopakwa rangi. Uliza nani humwinua mgonjwa, mara ngapi kwa siku, na kama watakufundisha wewe. Ingia vyumbani saa nne asubuhi uone ni wangapi bado wamelala. Na bajeti ya komini yako inapojadiliwa, nenda ukaulize mshahara wa mtaalamu wa viungo umeandikwa wapi. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inampa mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji ya mwili wake.