Mkataba haujaisha, kufuli la nini?

Hivi jamani, mwenye nyumba ana haki ya kubadili kufuli au kuezua bati kwa sababu mpangaji kachelewesha kodi? Hapa Bongo tumeshazoea kuona vyombo vya mtu vimetupwa nje huku majirani wakisema, "Si alipe!"

Kweli, alipe. Wapo wenye nyumba wanaokula na kusomesha kwa kodi ya vyumba viwili tu, na mkataba si ngao ya kukaa bure. Asipolipa, unaweza kuvunjwa kabla ya muda wake. Lakini kwa utaratibu: kwanza notisi ya maandishi, akigoma, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Amri ya kumtoa inatoka huko, siyo kwa mabaunsa.

Sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Ngao iliyobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999 na karatasi mliyosaini. Tatizo wengi hawana hata hiyo karatasi. Wanapatana miezi sita kwa mdomo, wanalipa mitatu, halafu wanashangaa kufukuzwa kwa mdomo.

Andikishaneni, wadau. Mnasemaje?