Darubini Ipo, Nyota Haionekani?

Ukurasa huu ni wa maisha ya wawili, na safari hii tunatoka nje. Si klabu wala hotelini, ni hapo hapo uani kwako, na darubini.

Najua kuna wasomaji wa rika letu walionunua darubini kwa hela nzuri tu, wengine wakazawadiana siku ya kuzaliwa, na leo iko juu ya kabati la nguo inakula vumbi. Nawafahamu wanandoa wa hivyo hapa hapa Dar. Usiku wa kwanza bwana kainama nusu saa nzima: "Subiri kidogo mke wangu, inakuja hiyo." Mke yuko kwenye kiti cha plastiki, mbu wanamshughulikia. Alipoitwa achungulie, nyota ilishaondoka. Usiku wa tatu mama kabaki ndani na tamthilia yake. Darubini haikuwa mbovu hata kidogo. Walikosa kitu cha kulengea.

Haya, hesabu kidogo, haitauma. Darubini ndogo ambayo wengi huanza nayo ina lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 10, inakuza mara 70, na kipande cha anga unachokiona hakifiki digrii 1. Anga zima kutoka upeo hadi upeo ni digrii 180. Ni sawa na kumtafuta mtu Kariakoo ukichungulia kwa mrija wa soda! Halafu dunia nayo inazunguka, kwa hiyo nyota uliyoipata kwa jasho inakatiza na kupotea ndani ya dakika 3 hivi. Usipojua kulenga haraka, mwenzio ataishia kuona giza.

Hapo ndipo kinapoingia kilengeo cha kioo. Kinavyofanya kazi ni rahisi: taa ndogo nyekundu ya betri inamulika alama, lenzi inaipeleka kwenye kioo kilichowekwa mshazari, na wewe unatazama anga kupitia kioo hicho. Unaona nyota kama zilivyo, na alama nyekundu ikielea juu yake. Hakikuzi chochote, na picha haipinduki juu chini kama inavyotokea kwenye vidarubini vingi vya kutafutia. Macho yote mawili yako wazi, na ukisogeza kichwa kidogo alama inabaki pale pale kwenye nyota. Wazo hili alilileta Howard Grubb wa Dublin mwaka 1900, naye alikuwa mtengenezaji wa darubini. Likapita kwenye silaha na ndege za kivita, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Steve Kufeld alipolirudisha kwa watazama nyota na kifaa chake kinachoitwa Telrad.

Sasa uchague kipi?

Cha nukta nyekundu. Hiki ni chepesi, bei yake ni ya chini, na mara nyingi kinakuja na darubini yenyewe. Kasoro ya vile vya bei poa ni kwamba nukta inawaka mno hata ukiipunguza mpaka mwisho, kwa hiyo inaimeza nyota hafifu unayoitafuta. Kabla hujalipa, zungusha swichi gizani. Kama mwanga unashuka taratibu hadi karibu kuzimika, hicho kinafaa.

Telrad. Hiki kinaonyesha maduara matatu, moja ndani ya jingine, yenye upana wa nusu digrii, digrii 2 na digrii 4. Faida yake ni kwamba unapata kipimo. Mwezi mpevu unaenea duara dogo, na Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima, kinaingia ndani ya duara la kati. Kinatumia betri mbili za AA, ambazo hata Mangi wa mtaani anazo. Ila ni kikubwa, kinazidi sentimita 20 kwa urefu na kina uzito wa kama gramu 300. Kwenye darubini nene kinakaa vizuri sana. Kwenye ile ya milimita 70 kinaweza kuilemea.

QuikFinder ya kampuni ya Rigel. Ina maduara mawili, la nusu digrii na la digrii 2, na uzito wake ni gramu 100 hivi. Imesimama wima, kwa hiyo hulazimiki kulaza shavu kwenye bomba la darubini. Kwa darubini ndogo, mimi ningeanzia hapa, au kwenye nukta nyekundu yenye swichi nzuri.

Tuambizane ukweli pia. Kilengeo cha kioo hakiongezi mwanga: nyota ambayo jicho lako haliioni, nacho hakitakuonyesha. Ukiwa Sinza, taa za jirani zikiwaka kama uwanja wa mpira, utapata mwezi, Zuhura, Mshtarii, Zohali na nyota kali. Kwa kuanzia zinatosha sana. Mkitaka vitu hafifu kwenye anga hiyo ya mjini, ongezeni kidarubini cha kutafutia, kile cha 8x50. La sivyo fungeni safari ya wikiendi mahali penye giza.

Na joto letu la pwani lina unyevu, kioo kinapata ukungu. Wekeni kitambaa laini mfukoni, na mzime taa mkimaliza, maana betri nyingi zinakufa kwa kusahauliwa.

Kukirekebisha ni kazi ya mchana. Elekezeni darubini kwenye ncha ya mnara wa simu ulio mbali, zaidi ya kilomita moja, kisha zungusheni skrubu za kilengeo mpaka alama ikae pale pale. Usiku malizieni na nyota. Msielekeze kwenye jua kamwe, hata kwa utani! Jicho linaharibika papo hapo na halirudi.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nyumba nyingi zina mtaalamu mmoja na mtazamaji mmoja. Mmoja anajua televisheni, anajua gari, na sasa anajua na nyota. Mwingine anasubiri kuitwa. Kusubiri kuitwa kunachosha, na anayechoka hasemi, anaingia tu ndani. Kwa hiyo usichague kilengeo kinachokufaa wewe peke yako. Mpe mwenzio ajaribu, kwa kimo chake na macho yake, na wewe ufunge mdomo dakika 3. Akiweza kuiingiza nyota bila maelekezo yako, hicho ndicho chenu. Baada ya hapo lengeni kwa zamu.

Pa kuanzia pako wazi. Jioni za Mei na Juni, tazameni kusini muuone Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali, na ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Centauri. Kwa macho ni nyota moja. Kwenye darubini ndogo inajigawa kuwa mbili, zinazozungukana kila baada ya miaka 80 hivi, na hakuna iliyosimama kumsubiri mwenzake.

Tukutane mwezi ujao, na mbu wasiwashinde.