Jumapili Hii, Twendeni Pugu

Ndugu wananchi wa Dar es Salaam, Jumapili hii mna mpango gani?

Wengi wetu tukisikia habari za kupanda mlima tunawaza Kilimanjaro: makoti mazito, wapagazi, na fedha ambazo hatuna. Lakini hapa hapa kwetu, ukishaipita Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe, kuna vilima vya Pugu. Havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari. Ukifika juu hakuna wa kukupigia makofi, na afadhali iwe hivyo. Bibi anaweza kwenda na mjukuu wake, wakapumzika wanapotaka.

Daladala za Pugu Kajiungeni zipo. Vaa viatu vilivyozoea mguu, beba maji. Ukifika kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, lipa kiingilio kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na uwaombe mwongozaji.

Humo ndani kuna kivuli cha msitu wa asili wa pwani, ndege, na ukimya ambao mjini tumeusahau. Mtoto akiuliza jina la mti nawe hulijui, kuna ubaya gani? Mwulizeni mwongozaji, mjifunze wote. Msimulieni mtoto pia kwamba hapo Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi ili aitumikie TANU.

Na je, mnajua Mto Msimbazi unatoka wapi? Unatoka kwenye vilima hivyo hivyo. Mvua ya Pugu hushuka mpaka Jangwani, na msitu ndio unaoyapunguzia kasi maji hayo huko juu. Kwa hiyo hata mkazi wa Kigogo ambaye hajawahi kufika Pugu ana lake pale.

Tufanye nini basi? Chupa uliyokwenda nayo, rudi nayo. Nyumbani, anayeweza kupikia gesi hata siku mbili tatu kwa wiki, apikie. Mkaa unaobaki dukani nao ni msaada kwa miti. Nawe mkuu wa ofisi, kwa nini kikao kijacho kiwe tena ukumbini? Wapeleke wafanyakazi kilimani. Mhasibu na dereva wakipanda pamoja watazungumza mengi ambayo ofisini hayasemeki.

Tokeni mapema, jua halijawa kali. Na yule mzee jirani anayeshinda barazani peke yake, mmemwuliza kama angependa kwenda?