Damu ya Binti ni Akiba ya Mama

Jioni moja ya hivi karibuni tulisimama pembezoni mwa kiwanja cha chuo kimoja hapa Unguja kutazama mashindano ya riadha ya wanafunzi. Wavulana walikimbia, wakashangiliwa. Ikafuata zamu ya wasichana katika mbio za mita 400. Mmoja wao alianza vizuri, lakini kabla ya kufika nusu ya mzunguko alishika kiuno, akayumba, kisha akaketi majanini akihema. Kicheko kikapita miongoni mwa watazamaji. Bwana mmoja akasema kwa sauti kwamba kukimbia si kazi ya mwanamke. Wenzake binti yule wakampa maji, akainuka, na mashindano yakaendelea. Katika umati ule wote, tukiwamo sisi wenyewe, hapana aliyeuliza habari ya damu yake.

Tumelifikiri tukio hilo kwa siku nyingi, na leo tunapenda kuliweka mbele ya wananchi wa visiwa vyetu na mbele ya viongozi waliopewa dhamana ya kuwatumikia. Ada yetu ni kuyagawa mambo. Afya ya mwanamke tunaizungumza katika kliniki ya wajawazito, michezo tunaizungumza kiwanjani, na mambo ya mke na mume tunayazungumza nyumbani, tena kwa sauti ya chini. Kila jambo lina idara yake, fungu lake la fedha na mikutano yake. Lakini binti aliyeketi majanini jioni ile ni mtu mmoja, na mwili alionao kiwanjani leo ndio atakaokwenda nao chumba cha kuzalia kesho.

Damu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha katika misuli kwa nguvu ya wekundu wake, na wekundu huo haujengeki bila ya madini ya chuma. Kwa kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito ambaye wekundu wa damu yake uko chini ya gramu 12 kwa desilita moja huhesabiwa kuwa ana upungufu wa damu. Mtu wa hali hiyo huchoka upesi, moyo humwenda mbio, macho humtia kiza anapoinuka, na masomo humwelemea bila ya yeye mwenyewe kujua sababu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba, Tanzania nzima, wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na hali ya Zanzibar ilikuwa nzito zaidi kuliko ya Bara. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: wasichana wanane wanapojipanga kwenye mstari wa kuanzia mbio, ni wangapi wanaoanza wakiwa wamekwisha kushindwa?

Sababu za upungufu huo si siri. Mwanamke hutokwa na damu kila mwezi kwa maumbile yake, na chakula chake mara nyingi hakilipi kilichotoka. Tena iko minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya miguu mitupu, ikajishikiza utumboni na kunyonya damu. Wazee wetu walipoliita jina moja, safura, walikuwa wamekwisha kuufungamanisha ugonjwa na mnyoo wake. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa skuli kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 ulithibitisha kwamba minyoo hiyo ilikuwa sababu kubwa ya upungufu wa damu miongoni mwa watoto hao. Dawa za minyoo zimekuwa zikigawiwa katika skuli zetu, na tunaipongeza kazi hiyo. Tunakumbusha tu kwamba binti haachi kuwa na utumbo siku anapomaliza skuli na kuingia chuoni.

Jambo hili lingekuwa la michezo peke yake tungeliachia ukurasa wa michezo. Lakini katika dunia nzima, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza miongoni mwa sababu za vifo vya wazazi. Mwanamke mwenye damu ya kutosha akipoteza nusu lita anaweza kuinuka na kumnyonyesha mwanawe. Mwenzake aliyefika kitandani akiwa na damu haba, kiasi hicho hicho kinaweza kumpeleka ukingoni mwa kaburi. Akiba haiwekwi siku ya msiba. Wajawazito wengi hufika kliniki miezi mingi ikiwa imekwisha kupita, na vidonge vya chuma wanavyopewa hulazimika kufanya kwa haraka kazi iliyostahili kuanza tangu ujanani.

Hatusemi haya kwa kuzibeza juhudi zilizofanywa. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Wakunga, madaktari na Serikali wanastahili shukrani. Hata hivyo, kila mmoja aliyebaki katika hesabu hiyo ameacha kitanda kitupu nyumbani, na pengine kitoto kinacholia. Kupunguza hao waliobaki kunatutaka tuanze kabla ya mlango wa hospitali, na pahala pamoja pa kuanzia ni kiwanja cha chuo.

Bwana yule aliyesema kwamba kukimbia si kazi ya mwanamke hakuwa wa kwanza. Mwaka 1928, katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Baadhi yao walionekana wamechoka mwishoni, kama wanavyochoka wanaume, na magazeti yakapiga kelele kwamba mwili wa mwanamke hauyawezi hayo. Mbio hizo zikaondolewa, zisirudi hadi mwaka 1960 mjini Roma, na marathoni ya wanawake ikangoja hadi mwaka 1984 mjini Los Angeles. Wakati wakubwa wa dunia wakibishana, Theresia Dismas wa Tanzania alikuwa amekwisha kutwaa medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Na mama zetu wa visiwani, waliocheza nage na ukuti viamboni hadi mbalamwezi ikazama, walituzaa na kutulea.

Wako wanaouliza juu ya mavazi na staha. Hilo ni swali la haki katika visiwa vyetu, nalo lina jibu. Soka ya dunia iliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Kizuizi kilichobaki tunakiona kuwa cha karibu zaidi: chumba cha kubadilishia nguo kisichokuwapo, choo kisicho maji wala komeo, na kiwanja kimoja ambacho wavulana hukishika kila jioni hadi jua linapokuchwa. Msichana aliye katika siku zake hatakwenda mazoezini pahala asipoweza kujisitiri. Akikosa wiki moja kila mwezi, mwisho wa mwaka ataambiwa hana bidii.

Nyumbani nako kuna mizani ya kutazamwa. Saa kumi ya jioni kaka huchukua viatu vyake akaenda kiwanjani, naye dada hushika ndoo na mwiko. Hatuwatukani wazazi, kwani nasi tumelelewa hivyo na tunalea hivyo. Tunauliza tu kama zamu haiwezi kugawanywa, walau siku mbili kwa wiki. Tunauliza pia minofu ya samaki hubakia kwa nani sinia linapozunguka. Dagaa, kunde, kisamvu na matembele havihitaji utajiri. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, au embe baada ya chakula, huusaidia mwili kukipokea chuma, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Kuisogeza birika mbele kwa saa moja hakumgharimu mtu hata shilingi.

Tena ni nyumbani ndiko maamuzi makubwa yanakofanyika. Wataalamu wa uzazi hutaja kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Kule kwa pili na kwa tatu ni haki kuwauliza viongozi, hasa kwa mkaazi wa Tumbatu au Kojani ambaye safari yake ya hospitali huanza kwa chombo cha baharini. Lakini kule kwa kwanza hutokea ukumbini mwetu, pale mgonjwa anapongojewa mume arudi, au mama mkwe aseme neno. Binti aliyezoea chuoni kusema mbele ya mwalimu wake kwamba leo sijisikii vizuri, akasikilizwa, ataweza kulisema neno hilo hilo mbele ya mume wake. Naye kijana aliyefundishwa kutomcheka mwenzake aliyeanguka mbioni hatangoja asubuhi kutafuta gari.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache kwa wahusika. Kila mwanafunzi wa kike anapoingia chuoni, na tena kabla ya msimu wa mashindano, apimwe wekundu wa damu. Ni tone moja la kidoleni na dakika chache, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na chupa ya damu inayotafutwa usiku wa manane. Atakayeonekana amepungukiwa apewe dawa za minyoo na vidonge vya chuma kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, na apimwe tena. Vyuo viweke saa za kiwanja kwa wasichana, zilizoandikwa ubaoni na kuheshimiwa. Wizara zinazosimamia afya, elimu na michezo zikae meza moja juu ya jambo hili kabla ya bajeti kugawanywa. Masheha nao wawakumbushe wananchi kwamba gari la kumpeleka mzazi hupangwa kabla ya uchungu kuanza.

Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hukusanyika kuufungua mwaka, na viongozi wetu huwa mstari wa mbele. Ni desturi njema. Tungefurahi kuiona Januari moja ambapo, kabla ya matembezi kuanza, ipo meza pembeni ya uwanja yenye mhudumu, sindano ndogo na pamba, na viongozi hao hao wakawa wa kwanza kunyoosha vidole.

Binti wa jioni ile alirudi bwenini akiwa ameinamisha kichwa, akiamini kwamba ameshindwa. Huenda damu yake ilikuwa timamu na alichoka tu, kama achokavyo mwanariadha yeyote. Huenda pia mwili wake ulikuwa ukitupa habari miaka kadhaa kabla ya siku ambayo habari hiyo ingekuja na kilio. Tulikuwa watu wengi pale uwanjani, na tulimjibu kwa kicheko. Msimu mwingine wa mashindano haupo mbali, nasi tunaomba safari hii aulizwe.