Roketi ya Karatasi Si Bomu, Jamani

Hivi sisi nani katuroga? Mtoto akikodolea macho simu saa sita mfululizo hakuna anayeshtuka. Akishika bomba la karatasi, gundi na wembe, akasema anaunda roketi, nyumba nzima inapiga kelele: utajilipua! Na wapiga kelele wenyewe ni watu wazima wenye digrii zao. Mwandishi mwenzangu mmoja (jina nalihifadhi, tunakula meza moja) aliniambia eti roketi hizi za kuunga nyumbani ni mabomu ya watoto wa matajiri. Leo namjibu, tena simjibu yeye peke yake.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ni zile roketi ndogo ambazo Wamarekani wamekuwa wakiziuza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Unafungua boksi, unakuta bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki au ya mti wa balsa, kibao chembamba cha balsa cha kukatia mapezi, parachuti ya plastiki na kamba yake. Injini ni kijibomba cha karatasi kilichoshindiliwa baruti kiwandani, kikazibwa. Huchanganyi chochote. Unaiwasha kwa betri na waya, ukiwa umesimama walau mita 5 kutoka pale ilipo. Baruti ikiisha, roketi inaendelea kupanda sekunde chache, kisha kijilipuko kidogo cha mwisho kinaisukuma pua itoke na parachuti ifunguke. Inashuka polepole, unaiokota, unaweka injini nyingine.

Sasa huyo anayesema "bomu" naomba asome historia. Sputnik iliporuka tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wa Marekani walipata wazimu wa roketi. Hawakuwa na seti. Walichukua mabomba ya chuma, wakayashindilia kemikali walizochanganya wenyewe gereji. Wengine walipoteza vidole, wengine macho, wengine maisha. Je, kilichowaokoa waliofuata ni marufuku? Hapana. Ni muuza viatu wa Nebraska, Orville Carlisle, ambaye pamoja na ndugu yake Robert walikuwa tayari wameunda roketi ya karatasi yenye injini ya kubadilisha. Alimpelekea G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands na aliyekuwa ameandika gazetini kuhusu hatari ile. Stine akaona jibu ndilo hilo: ile sehemu inayoua itoke mikononi mwa mtoto, itengenezwe kiwandani, halafu mtoto aachiwe yale mengine yote. Baadaye Vern Estes akabuni mashine ya kushindilia injini moja baada ya nyingine kila baada ya sekunde chache, na mwaka 1961 akahamishia kiwanda chake Penrose, Colorado.

Kwa hiyo hofu ilikuwepo huko huko, na ilikuwa na sababu. Tofauti ni kwamba kuna watu walikaa chini wakaifanyia kazi. Sisi hofu tunaifanya sera ya nyumbani.

Na serikali nazo zina lao. Vyama viwili vya warusha roketi wa Marekani vilikwenda mahakamani mwaka 2000 kuipinga idara ya serikali iliyokuwa imeiweka fueli ya roketi zao kubwa kwenye orodha ya vilipuzi. Fueli yenyewe inaungua, hailipuki kama baruti ya kupasulia miamba. Kesi ilikwenda hadi 2009 ndipo jaji akaamua kwamba idara haikuwa na msingi. Miaka tisa! Watu wazima, kwa ajili ya mchezo wanaoitwa wa kitoto. Nawavulia kofia.

Lakini ugomvi wangu mkubwa hauko na waoga peke yao. Uko pia na wale wanaosema, haya basi, mnunulieni ile iliyokwisha kuungwa, apachike injini arushe. Hao ndio wanaoniudhi zaidi, maana wanaua kitu chenyewe halafu wanadhani wamesaidia. Roketi iliyokuja tayari ni fataki yenye parachuti. Hata anayefuata karatasi ya maelekezo mstari kwa mstari amejifunza kupaka gundi tu. Elimu inaanza pale unapoiasi ile karatasi.

Mimi yangu niliiunda nikiwa masomoni Colorado, na sikutaka ifanane na picha ya kwenye boksi. Nilirefusha bomba, na mapezi nikayakata mfano wa tanga la dau, membamba na yaliyolala nyuma, nikayapiga msasa mpaka kingo zikawa laini. Ni hapo maswali yalipoanza kunijia yenyewe. Mapezi madogo yanashikwa na upepo kidogo, kwa hiyo kile kitovu cha nguvu ya upepo kinasogea mbele. Kikisogea mbele ya kitovu cha uzito, roketi haiendi juu, inapiga vichwangomba. Unajuaje bila maabara? Unaweka injini ndani, unatafuta pale roketi inapokaa sawa ukiining'iniza, unafunga kamba hapo, unaizungusha kichwani kama mtu anayerusha kombeo. Pua ikitangulia, salama. Yangu ilikwenda upande, kwa hiyo udongo wa kuchezea wa watoto ukaingia puani, kidogo kidogo, hadi ikatii.

Udongo ni uzito, na uzito unabadili injini. Ubavuni mwa injini pameandikwa, tuseme, C6-5. Herufi ni nguvu yote iliyomo: A inafika newton-sekunde 2.5, B inafika 5, C inafika 10. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo, newton 6. Ya mwisho ni sekunde za kungoja kabla parachuti haijatoka. Roketi nzito inafika kileleni mapema, kwa hiyo nilitumia C6-3. Sekunde tano zingeikuta inarudi chini kwa kasi.

Halafu ilipanda umbali gani? Simama mita 100 kutoka inaporukia, pima pembe inapofika kileleni. Ikiwa nyuzi 60, imepanda mita 173, ongeza na kimo cha jicho lako. Ni ile tanjenti ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani tukaitupa siku ya kutoka chumbani.

Mnaosema haya ni mambo ya Wazungu, kaangalieni ramani ya pwani yetu. Baharini karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco, ambalo lilirusha setelaiti kati ya 1967 na 1988 kwa roketi za Kimarekani ziitwazo Scout, za fueli ngumu. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka pale setelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru, neno letu, kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Jina tulitoa sisi. Mwaka 2023 Kenya ilipopeleka setelaiti yake ya Taifa-1, ilirushwa kutoka California.

Najua mtakalosema sasa: seti ni ghali, na injini zake huwezi kupanda nazo ndege kwa sababu ni mzigo hatari. Kweli kabisa. Basi tafuteni chupa ya plastiki ya soda ya lita 2. Weka maji theluthi moja, ziba kwa kizibo kilichopachikwa vali ya tairi, pampu ya baiskeli mnayo. Asiwepo mtu wa kuinamia juu yake, na kamwe isiwe chupa ya glasi. Hakuna moto wala baruti, lakini kitovu cha uzito ni kile kile, mapezi ni yale yale, tanjenti ni ile ile. Kadibodi ya mapezi iko dukani kwa Mangi, anazitupa. Na mtoto akikuuliza ayakate umbo gani, usimwambie. Mpe kamba aizungushe aone.