Gari la Kukodi na Safari ya Jamaa

Wengi wenu mmeyaona magari yale yapandayo barabara ya Marangu yakiwa na mzigo mkubwa juu ya paa. Watoto hudhani ni sanduku. La, ni hema. Jioni hema hukunjuliwa, ngazi hushushwa, na wenye safari hupanda kulala. Nyuma ya viti mna jiko la gesi, sufuria na madumu ya maji. Gari lenyewe ni la kawaida, Land Cruiser au RAV4. Fundi ameongeza vitu hivyo tu. Wageni hulikodi Moshi au Arusha kwa siku kadhaa, nao huendesha wenyewe.

Jambo hili si jipya duniani. Kiwanda cha Volkswagen huko Ujerumani kilianza kuunda gari lake la abiria na mizigo mwaka 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikatengeneza kabati na kitanda vya kuwekwa ndani yake na kutolewa tena. Siku za kazi gari lilibeba mizigo. Siku za likizo baba, mama na watoto walilala humo.

Sisi wa vijijini pengine hatutakodi gari la hema. Lakini tutakodi Noah, Hiace au Coaster kwa arusi, kwa msiba, kwa hija ya Bagamoyo. Na ndugu zetu wa Dar es Salaam hukodi mwezi wa Desemba ili wapande mlimani kwa Krismasi. Basi, liwe la hema au la viti, mambo ya kuangalia ni yale yale.

Kwanza, tazameni karatasi kabla ya kutazama rangi. Namba ya gari la biashara ni nyeupe. Ya gari la binafsi ni ya njano. Gari la kubeba abiria kwa malipo hapana budi liwe na leseni ya LATRA. Tena ulizeni habari ya bima. Gari lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani likipata ajali katika kazi ya kukodishwa, kampuni yaweza kukataa kulipa. Hapo mjane na yatima watadai kwa nani? Msione haya kuuliza. Mwenye gari mwema hafichi kadi yake.

Pili, andikianeni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika karatasi iandikwe: siku ya kuchukua gari na ya kulirudisha, nani anunua mafuta, dereva atakula na kulala kwa fedha ya nani, na gari likiharibika njiani nani atalipa fundi. Arbuni itolewe kwa risiti. Kama mwenye gari ataka na amana ya kurudishwa, iandikwe itarudishwa lini. Kabla ya kuondoka zungukeni gari lote pamoja naye, mkapige picha kwa simu kila penye mkwaruzo, msije mkalipishwa kosa la mtu mwingine. Tazameni pia tairi la akiba, jeki, mikanda ya viti na mtungi wa kuzimia moto.

Tatu, hesabuni viti, kisha hesabuni watu. Wako mafundi waongezao kiti hapa na benchi pale, hata mlango wa nyuma ukazibwa. Shilingi zaokolewa, lakini njia ya kutokea imefungwa. Tarehe 28 Juni 2025, huko Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster ziligongana zikawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Moto haungoji mtu aruke benchi la watu watatu. Mtoto naye ni abiria kamili. Asihesabiwe kuwa mzigo wa mapajani.

Nne, dereva apumzike. Toka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Desturi yetu ni kutoka kazini jioni, kupakia gari, na kusafiri usiku kucha ili kuwahi mazishi asubuhi. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magira Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa ikipeleka msiba Kilimanjaro iligongana na lori. Walikufa watu zaidi ya 15, wengi wao wa jamaa moja. Walikwenda kuzika mmoja, kijiji kikachimba makaburi mengi. Hatusemi dereva wao alikosa. Twasema tu kwamba usiku hatari ni nyingi, na maziko yaweza kungoja hata saa nane mchana. Wazee wa ukoo, ninyi ndio mnaopanga saa ya kuzika. Ipangeni kwa kuwahurumia walio njiani.

Tano, mlima wataka adabu yake. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Dereva aliyezoea barabara za tambarare hushuka kwa kukanyaga breki mfululizo. Breki zikipata moto sana hazishiki. Ashuke kwa gia ndogo, injini imsaidie kulizuia gari.

Sita, neno kwa watakaolala garini, na kina mama hasa walisikie. Usiku wa mlimani una baridi kali, hasa mwezi wa Juni na Julai. Mtu atasema, tuingize jiko la mkaa kidogo, tufunge vioo, watoto wapate joto. Msithubutu! Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliye usingizini haamki kukohoa. Hulala moja kwa moja. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje, na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Dawa ya baridi ni blanketi jingine.

Labda mtasema, mambo haya yote yaongeza gharama. Ni kweli. Gari lenye leseni huwa ghali kuliko la jirani lisilo na karatasi, na dereva akilala Korogwe atahitaji chumba. Basi anzeni kuchanga mapema. Jamaa ya watu 10 ikiweka shilingi 2,000 kila mtu kwa mwezi, kwa mwaka itapata 240,000. Fedha iliyochangwa kwa utulivu huchagua gari. Fedha iliyokopwa kwa haraka huchukua lililopo.

Mwisho, chagueni mtu mmoja wa kusema na dereva, mama au baba asiyeona haya. Dereva akisinzia au akikimbia mno, amwambie, "Baba, simama kidogo, tunywe chai." Hakuna atakayemlaumu kwa kuchelewesha safari. Safari njema.