Waya ni wako, mawimbi ni ya wote

Kuna swali naulizwa sana hapa Msambweni, kwa kuwa watu wanajua kazi yangu ni kompyuta: "Nikinunua kifaa cha simu kwa pesa zangu, nikakifunga nyumbani kwangu, serikali inahusika vipi?" Leo nitoe maoni yangu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ukivuta waya kutoka ofisini hadi jikoni ili watu waitane, au ukiunganisha kompyuta mbili ndani ya ua wako, hiyo ni laini yako binafsi. Ikiharibika unaumia wewe. Lakini kifaa kikiungwa kwenye mtandao wa umma, au kikitoa mawimbi ya redio, kimeshavuka ua. Hapo ndipo zinapoingia kanuni za mwaka 2010: kifaa kiidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ile iliyojulikana kama CCK kabla ya 2014.

Wamarekani walibishana juu ya jambo hilihili. Kwa miaka mingi AT&T iliwakataza wateja kuunga vifaa vya watu wengine kwenye laini zake. Mwaka 1968, katika kesi ya Carterfone, kifaa kilichounganisha redio na simu, tume ya FCC iliamua kuwa mteja anaweza kuunga kifaa chake mradi kisiudhuru mtandao. Mimi naona huo ndio msingi wa haki. Usiulize kifaa ni cha nani, uliza kinamdhuru nani.

Chukua mfano wa busta. Mwenye nyumba ya wageni anaona simu hazishiki vyumbani, ananunua busta ya bei rahisi na kuifunga juu ya paa. Wageni wake wanafurahi. Lakini busta mbovu hurusha kelele kuelekea mnara, na mnara ukashindwa kusikia simu za majirani. Usiku huo mama mjamzito anatafuta gari la kumpeleka hospitali ya Msambweni. Anapiga, haipiti. Anapiga tena, haipiti. Hata hajui kama kuna busta.

Kwa hiyo kanuni naziunga mkono. Ninachopinga ni pale zinapoanzia. Mwaka 2012 simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa nchini, na walioumia ni pamoja na watu walionunua dukani kwa nia njema. Kuanza na mnunuzi ni kuanza mkiani. Msako uanzie bandarini, kisha kwa muuza jumla, na kila duka libandike kwa Kiswahili orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa.

Hadi hilo lifanyike, nakushauri ndugu yangu: kabla hujafunga busta, iulize kampuni yako ya simu kwanza. Na muuzaji akishindwa kukuonyesha idhini, rudisha pesa mfukoni.